Notisi ya Mwezi Mmoja

Watu wa kanisa letu hupenda kusema kwamba nilimchukua yule mtoto kwa sababu nina huruma. Sina. Ningekuwa nayo, wanafunzi wangu wangejua, na katika miaka ishirini na mitatu niliyofundisha Kiswahili hapa Embu hakuna hata mmoja aliyewahi kunishtaki kwa kosa hilo. Nilimchukua kwa sababu nilikuwa mpweke, na upweke ulikuwa umeanza kunitia wazimu kidogo kidogo. Nilikuwa nikipika githeri Jumapili na kuila mpaka Alhamisi. Nilikuwa nikigombana na redio. Msomaji wa habari akisema "magari hizo", mimi jikoni namjibu kwa sauti, "magari hayo, mpumbavu wewe," kisha nanyamaza kumpa nafasi ya kujitetea. Siku moja nilijikuta nimenyamaza muda mrefu mno, mwiko mkononi, githeri inaungua, namngoja mtu wa redio anijibu. Niliogopa.

Nilikuwa na miaka arobaini na minane. Sikuolewa, na sababu zake ni zangu. Nina nyumba ya mawe ya vyumba vitatu juu kidogo ya mji, upande wa mlimani, kwenye kipande cha shamba ambacho marehemu baba alinikatia wakati kaka yangu yuko safarini. Kaka hajamsamehe baba kwa hilo, na kwa kuwa baba amekufa, mimi ndiye ninayenuniwa badala yake. Pale nina kahawa kidogo, mparachichi mmoja, na kando ya ua mashina kumi na moja ya mawaridi niliyoyapanda na kuyatunza mwenyewe. Hakuna mtu aliyekuwa na ruhusa ya kuyagusa. Wanafunzi waliotumwa kwangu walijua kuyapita kwa mbali.

Nilipowaambia ndugu zangu kwamba nataka kuchukua mtoto mkubwa, wa kwenda shule, dada yangu alicheka, halafu alipoona sicheki akaanza kuomba. Alisema kama ni lazima, basi nichukue mchanga. Samaki mkunje angali mbichi, alisema, na huyo unayemtaka ameshakauka. Nilimwambia sina muda wa nepi, nina daftari za kusahihisha. Kaka yangu hakuwa na methali. Aliuliza swali moja tu, kama huyo mtoto ataandikwa kwenye shamba. Nilimjibu kwamba akiwa mtoto wangu ataandikwa panapoandikwa mtoto. Aliondoka bila kumaliza chai.

Afisa wa watoto alinieleza utaratibu. Mtoto angekaa nami kwanza miezi mitatu, kisha faili ipelekwe kortini. Na kwa kuwa alikuwa mkubwa wa kutosha kujua mambo, jaji angemuuliza mwenyewe kama anakubali. Akisema hapana, hapo mambo yamekwisha, faili inafungwa na anarudi alikotoka. Nilimsikiliza afisa huku nikisahihisha kichwani kila sentensi yake, na sikutilia maanani. Niliona ni mtoto gani atakayekataa nyumba ya mawe.

Makao ya watoto aliyonielekeza yalikuwa Meru, ukishapita Makutano, nyuma ya yadi ya mbao, mahali ambapo malori yakipanda kilima hata maombi hayasikiki. Matroni alinipeleka pembeni akanionya. Huyu msichana amerudishwa mara mbili, alisema. Mtu wa kwanza alikaa naye miezi minane, wa pili wiki sita. Alinieleza kasoro zake moja moja bila kuficha, jinsi mtu mwaminifu anavyokueleza kwamba ng'ombe huyu hupiga teke. Baba hajulikani. Mama alikuwa akifanya kazi katika shamba la maua kule Timau, akafa mtoto akiwa na miaka saba. Sasa alikuwa na kumi na mmoja. Anaiba chakula, matroni alisema, anauma, na hadanganyi.

"Hilo la mwisho ndilo linalowashinda watu," alisema. "Na huyu akirudishwa mara ya tatu, Mwalimu, hakuna atakayekuja tena."

Msichana alikuwa ameketi kwenye benchi akitupa mgongo, sweta ya mtu mkubwa mwilini. Sasa nifike kwenye kosa langu, kwa maana lilikuwa langu, nami nimekuwa nikiwachapa watoto wa watu kwa makosa madogo kuliko lile. Kila mtu pale alikuwa akisema "kuadopt". Afisa alisema kuadopt, matroni alisema kuadopt, hata mpishi aliyepita na sufuria alisema huyu ndiye anakuja kuadopt. Neno hilo lilinikera masikioni. Kiswahili kina neno lake, lipo kwenye kamusi, nimelifundisha mwaka baada ya mwaka. Basi nikamzunguka yule mtoto, nikasimama mbele yake, nikasema kwa Kiswahili safi:

"Nataka uwe mtoto wangu wa kupanga."

Aliniangalia kwa mara ya kwanza. Alikuwa na macho makavu ya mtu mzima.

"Kwa muda gani?" aliuliza.

"Kwanza ni miezi mitatu," nikamjibu. "Halafu korti itaamua."

Alifikiri, akainamisha kichwa kukubali. Mimi nikajiambia, mtoto ana akili huyu, anauliza la maana. Nilirudi Embu nikijisifu kwa jinsi nilivyozungumza naye.

Hatukupatana hata siku moja. Nilikuwa nimemwandalia chumba, nimenunua kabati, nimepaka ukuta rangi ya maziwa. Yeye aliweka mfuko wake wa nailoni nyuma ya mlango wa mbele na hakuufungua ila kutoa nguo ya siku hiyo na kurudisha ya jana. Siku ya pili aliniuliza kama anaweza kupiga msumari ukutani. Nilimwambia msumari hapana, rangi ni mpya. Akasema sawa, bila kulalamika. Alifagia chumba chake vizuri sana mpaka kizingitini, kisha akaacha taka pale pale, upande wangu. Akila, aliosha sahani moja, kikombe kimoja na kijiko kimoja, na vyangu akavipanga kando. Alitafuta kufuli kuukuu la banda la kuku, akalifunga kwenye mlango wake, ufunguo akauvaa shingoni kwa uzi. Jirani yangu, mama mmoja muuza mboga, alimuuliza kutoka upande wa pili wa ua mimi ni nani wake. Akajibu kwamba mimi ni mwenye nyumba. Jirani alinisimulia akicheka mpaka leso ikamdondoka. Mimi nililichukua kuwa tusi, na nikaliweka moyoni.

Chakula aliiba, jinsi nilivyoambiwa. Nilifuata sisimizi mpaka kwenye mto wake nikakuta chapati nne ndani ya foronya, moja imeota ukungu. Nilipovuta mto aliniuma mkono, hapa chini ya kiwiko, na alama ingalipo. Niliinua mkono mwingine kumpiga. Hakukimbia wala hakujikinga. Alisimama wima akiutazama mkono wangu utakavyoshuka, kwa subira, akijua kazi hii huchukua muda gani. Niliushusha. Haukuwa wema, niliona aibu tu, na aibu yangu huwa inageuka hasira kabla haijapoa. Nilimwambia kwamba nyumbani kwangu chakula hakifichwi kwenye foronya na wezi. Alinijibu kwa Kimeru. Kiembu changu na Kimeru chake si mbali, na matusi hupita bila mkalimani.

Silaha yangu ilikuwa Kiswahili. Alikuwa anakisema vile kinavyosemwa huku kwetu, ngeli zimetupwa kila mahali, na mimi sikuweza kuacha sentensi ipite. Akisema "hiyo neno", namwambia hilo neno, rudia. Akisema "mwenzi yangu amenipiga" akimaanisha mwanafunzi mwenzake, namwambia mwenzangu, rudia. Alirudia huku amekaza meno. Mara nyingine alikosea makusudi, akinitazama usoni, "hiyo neno, hiyo neno, hiyo neno," mpaka nikagonga meza. Shuleni kwake niliitwa mara mbili kwa sababu ya kupigana. Kinamama wa kanisa walikuja kumwekea mikono kichwani wakimwombea roho ya kukataliwa imtoke, na akamuuma mmoja wao. Siku hiyo peke yake nilikuwa upande wake, lakini sikumwambia.

Kuna siku nilimchukia. Wanaosema hawajawahi kumchukia mtoto hawajakaa na mtoto anayewachukia. Nilikuwa nikirudi kutoka shuleni naona lile kufuli mlangoni na nafsi yangu inakunjamana. Hata hivyo kulikuwa na jambo moja ambalo sikutaka kulikiri. Nilikuwa nimeacha kugombana na redio. Na jioni, nikisahihisha daftari mezani, nilikuwa namsikia ndani ya chumba chake, nyuma ya mlango uliofungwa, akirudia kwa sauti ya chini sentensi nilizomsahihisha mchana. Hilo neno. Mwenzangu. Magari hayo. Nilikuwa naweka kalamu chini nisikie vizuri.

Siku ya mwisho ya ile miezi mitatu ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa nimekwenda shuleni kusimamia mtihani, nikarudi saa nane hivi, manyunyu yananyesha. Niliona ua kabla sijafika lango. Hakukuwa na waridi hata moja. Mashina kumi na moja yalikuwa yamebaki vijiti vya kijani. Nilikimbia, mimi ambaye sijakimbia tangu chuoni, nikafungua mlango.

Yalikuwa mezani. Yalikuwa yamekatwa yote kwa urefu mmoja, kana kwamba kwa rula. Majani ya chini yalikuwa yamepukutishwa, miiba imekwanguliwa. Yalikuwa yamefungwa vifungu vya kumi kumi kwa mipira ya kufungia noti, yaliyochanua upande huu, ya vichipukizi upande ule, na kila kifungu kimeviringishwa kwa karatasi. Karatasi zilikuwa insha za Kidato cha Pili, nilizokuwa nimezisahihisha wiki nzima. Yeye alikuwa amesimama kando ya meza, mikono nyuma, mikwaruzo ya miiba mpaka kwenye viwiko.

"Mwalimu," alisema, "hii ni ya mwezi."

"Haya," nilisema. Hata nikitaka kuua mtu, ngeli haziniachi. "Haya ni ya mwezi. Ya mwezi gani? Umefanya nini?"

"Mpangaji hulipa. Mimi sina kitu ingine. Ulisema mimi ni wa kupanga, miezi tatu, na imeisha leo, na sijalipa."

Nilielewa hapo hapo. Ninataka hili lijulikane, kwa sababu watu hunitetea wakisema sikuelewa. Nilielewa yote kwa mkupuo mmoja. Mfuko nyuma ya mlango, sahani moja, taka kizingitini, msumari, kufuli, mwenye nyumba. Neno langu safi la kamusi, ambalo kwangu lilikuwa na maana moja, kwake lilikuwa na nyingine, ile inayojulikana na kila mtu anayeishi chumba cha watu. Kwa miezi mitatu alikuwa mpangaji wangu, na kwa kadiri ya mpangaji, alikuwa mpangaji mwema.

Nilielewa, na hasira haikungoja. Ilikuwa imeshapanda tangu kwenye ua, na ilitaka pa kutokea. Nikasema, tena kwa sauti ambayo jirani aliisikia kwenye mboga zake:

"Basi kama wewe ni mpangaji, hama."

Hakulia. Aliitikia kwa kichwa taratibu, jinsi unavyofanya unapoambiwa jambo ulilolitarajia likachelewa tu. Alivua ufunguo shingoni, akauweka mezani kando ya maua, akachukua mfuko wake nyuma ya mlango, akatoka. Mfuko ulikuwa tayari. Ulikuwa tayari tangu siku ya kwanza.

Nilisimama pale nikihesabu vifungu, sijui kwa nini. Halafu nikatoka. Alikuwa amefika langoni na hakupita. Alikuwa ameketi juu ya mfuko, mgongo kwangu, sweta imelowa. Nilikaribia mpaka nikasimama nyuma yake, na kabla sijasema lolote alisema bila kugeuka:

"Lazima unipe notisi. Huwezi kufukuza mtu leo leo. Ni mwezi moja."

"Mmoja," nikasema.

"Mwezi mmoja," akarudia.

"Sawa," nikasema. "Mwezi mmoja."

Aliinuka, akabeba mfuko wake, akanipita, akaurudisha nyuma ya mlango. Mambo ya kuombana radhi hayakuwepo. Tulikula viazi vitamu na chai, kila mtu na sahani yake, mawaridi yamejaa ndoo mbili za maji katikati ya jikoni.

Jumatatu nilimpigia matroni simu. Alinieleza ambacho hakuona haja ya kunieleza mwanzoni. Mama yake alikuwa kwenye banda la kupangia maua kule Timau, lile la kupima urefu na kufunga, na mtoto, shule ikifungwa, alikuwa akikaa chini ya meza akiangalia. Waliishi ploti ya vyumba vya mabati, na juu ya lango kulikuwa na maandishi makubwa yanayoanza na neno WAPANGAJI, na hilo ndilo neno la kwanza la Kiswahili ambalo mtoto alijifunza kusoma. Mama alipougua, mwenye ploti aliwapa notisi ya mwezi, tena mbele ya watu wote. Mama alikufa kabla mwezi haujaisha. Matroni alisema mtoto hakuwahi kumlaumu yule mwenye ploti. Alikuwa akisema kwamba watu wale wawili waliomrudisha, hao hawakutoa notisi. Waliamka tu asubuhi na kumpakia.

Nilikaa na simu mkononi. Nikaelewa kwamba mwezi ule aliouomba langoni, kwake, ulikuwa mwezi ambao hakuna anayeweza kukutoa. Kweli alibadilika katika mwezi ule, na jambo hilo liliniuma kuliko meno yake. Alikula mezani bila kuficha. Aliacha mlango wazi. Alikuwa akichora msalaba mdogo kwenye kalenda ya jikoni kila asubuhi, na siku zilivyopungua alizidi kuwa na adabu. Na tarehe ya korti, ambayo tulikuwa tumepangiwa kitambo, ilikuwa siku ile ile ya msalaba wa mwisho.

Nilijaribu kurekebisha kwa njia ninayoijua. Nilileta kamusi, nikaifungua mbele yake, nikamwonyesha. Panga, kuweka vitu kwa utaratibu. Panga, kukaa nyumba ya mtu kwa kulipa. Na mtoto wa kupanga, huyu hapa, ni mtoto ambaye mtu si mzazi wake kwa damu lakini amemfanya wake. Na panga jingine, lile la kukatia nyasi, hilo halituhusu. Alisoma kwa kidole, mstari baada ya mstari.

"Kwa hivyo neno ni moja," alisema.

"Maana ndizo nyingi."

"Sawa. Hiyo nimeelewa." Alinitazama na yale macho makavu. "Na hama? Iko na maana ngapi?"

Hama ina maana moja. Nilifunga kamusi. Nilimwambia nilikuwa na hasira. Akaniambia wote walikuwa na hasira. Nilimwambia sikukusudia. Akaniambia nilisema, na jirani alisikia. Miaka ishirini na mitatu nimewatungia watoto sentensi za kuomba radhi ubaoni, niwie radhi, nisamehe, nimekosa, na pale mezani kwangu haikutoka hata moja. Nilimwambia akamalizie kazi ya nyumbani ya shule. Nikajitukana jikoni mpaka ugali ukashika chini.

Kaka yangu alisikia, maana jirani hana mlango mdomoni. Alikuja Jumapili baada ya ibada, akakaa bila kuvua kofia. Alisema kwamba kwa kuwa nimekwisha kumfukuza mwenyewe, hakuna haja ya kusumbua jaji, nifunge faili kimya kimya na aibu iishie nyumbani. Mtoto alikuwa chumbani, mlango wazi, anasikia kila neno. Nilimwambia kaka atoke. Alisema atakuja kortini, ajionee mtoto akinikataa mbele ya watu. Na alikuja, na suti yake ya mazishi.

Asubuhi ile mtoto alichora msalaba wa mwisho, akafagia chumba mpaka kizingitini, safari hii akazoa na taka. Akatandua shuka akazikunja. Akabeba mfuko. Nilimwambia mfuko hauhitajiki kortini. Alisema unahitajika. Tulitembea mpaka mjini, yeye hatua tatu mbele yangu.

Jaji alikuwa mwanamke wa rika langu, miwani imeteremka puani. Tuliingia ofisini kwake, si ule ukumbi mkubwa, tukakaa kuzunguka meza. Alikuwepo karani, afisa wa watoto, kaka yangu karibu na mlango, mimi, na mtoto na mfuko wake magotini. Jaji alikiweka kando Kiingereza cha faili, akamuuliza kwa upole kama anajua kwa nini ameletwa pale.

"Najua," alisema. "Leo notisi inaisha."

Jaji aliuliza notisi gani. Mtoto, ambaye hadanganyi, akamweleza. Alieleza kwa mpangilio mzuri, mwanzo, kati na mwisho, kama nilivyomfundisha insha. Kupanga, miezi mitatu, maua, hama, mwezi mmoja. Hakunionea. Alitaja hata chapati alizoiba na mkono aliouma. Karani aliacha kuandika. Nyuma yangu nilisikia kaka akikohoa kikohozi cha mtu aliyeridhika.

"Na nikikuuliza kama unakubali kuwa mtoto wake?" jaji alisema.

"Siwezi kukubali," alisema. "Aliniambia nihame. Hajasema nisihame."

Nilianza kumweleza jaji. Nilisema mheshimiwa, neno hili katika Kiswahili sanifu lina maana zaidi ya moja, na kwamba palitokea mkanganyiko. Jaji aliinua kalamu kuninyamazisha.

"Mwalimu," alisema, "mimi sikuambiwa nihame. Mwambie yeye."

Niligeuka. Hakuwa akinitazama. Alikuwa akitazama zipu ya mfuko wake, ameishika kwa vidole viwili, tayari. Niliona kwamba nikikosea hapa atainuka tu, aseme sawa bila kulalamika, amfuate afisa wa watoto mpaka Meru, nyuma ya yadi ya mbao, na mimi nitarudi nyumbani kusahihisha redio mpaka nife. Kiswahili changu chote, methali, nahau, ngeli kumi na kadhaa, kilinitoka kama maji kwenye pakacha. Nilichobaki nacho ni kile cha sokoni.

"Hiyo neno," nilisema, na sauti ilikuwa si yangu, "hiyo neno nilikuambia, ya kuhama, naiondoa. Nilikosa. Usihame. Sitaki uhame. Hiyo nyumba ni yako, na shamba, na huyu kaka yangu asikie. Misumari zipige ukuta wote ukitaka. Na maua kata. Nisamehe."

Kaka yangu alikuwa ameacha kukohoa. Machozi yalikuwa yakinidondoka kwenye blauzi ya kortini na sikuyafuta, nilikuwa naogopa hata kusogeza mkono. Mtoto aliinua macho kutoka kwenye zipu, akanitazama kwa muda, akiwa amekunja uso kwa kutoridhika, uso ambao wanafunzi wangu wangeutambua mara moja.

"Hilo," alisema.

"Nini?"

"Hilo neno. Nililokuambia. Naliondoa." Aliuachia mfuko, ukateleza kutoka magotini mpaka sakafuni. "Rudia."

Nilirudia. Nilirudia yote tangu mwanzo, polepole, mbele ya jaji na karani na kaka yangu, na alinisahihisha mara moja zaidi, kwenye misumari. Ndipo akamgeukia jaji akasema anakubali.